Maua ya Manjano Nyuma ya Jiko

Mmea ule uliota wenyewe nyuma ya jiko letu pale Bugene, mahali nilipokuwa nikimwaga majivu na maganda ya ndizi. Uliota baada ya mvua za vuli, na mpaka nilipouona ulikuwa umefika magotini. Ningeweza kuung'oa kwa mkono mmoja. Sikuung'oa, kwa sababu ulikuwa na ua moja la manjano, na mwaka ule nilikuwa nimezika mtoto wangu wa kwanza, naye hakuwa ametimiza siku arobaini. Kitu chochote kilichoota karibu nami bila kuombwa nilikiacha kiishi.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Mama yangu alikuwa Mnyambo wa Kanoni, na aliniambia tu kwamba nilizaliwa muda mfupi kabla ya ng'ombe wote kufa kwa maradhi. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyekuja na misafara ya pembe akashindwa kurudi. Aliniozesha kwa Mwislamu mwenzake, mwenye duka la kaniki, merikani, shanga na chumvi, ambaye naye alinunua ngozi na kahawa. Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Bukoba, na vita yao na Waingereza ilikuwa bado. Mume wangu alikuwa safarini nusu ya mwaka. Nyumbani nilibaki na mama yake.

Mama mkwe alikuwa ametoka Pangani, safari ya miezi, mara kwa miguu, mara akibebwa machelani, macho yake yakiwa tayari yanafifia. Alipofika kwetu alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Alikaa chumbani mwake na tasbihi, na kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye aliitika marahaba kama mtu anayemrushia kuku punje. Mbele ya wageni aliniita "huyu mwanamke wa bara." Kiswahili changu alikisahihisha, mchuzi wangu aliusukuma kando. Sikumwambia habari za mmea wowote. Tulikuwa tukiambiana habari za maji na chakula tu.

Niliyeongea naye alikuwa jirani yangu. Kibanja chake, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba yake, kilipakana na ua wetu, na kati yetu palikuwa na njia nyembamba iliyochimbwa na miguu yetu wenyewe. Ndiye aliyekaa nami siku saba mtoto wangu alipokufa. Hakusema mengi. Alikuja, akamenya ndizi, akapika, akanilisha. Alikuwa na binti mmoja wa miaka mitano hivi, mwenye pengo mbele, aliyependa kuja kwangu kupukuchua maharage na kuuliza maswali. Mume wake alikuwa mtu mpole wa kulima, na alikuwa ameoa mke wa pili, msichana mrefu kutoka Mabira, ambaye alikuwa akipita asubuhi kwenda kisimani huku akiimba. Jirani yangu hakumpenda. Hakumtukana pia. Wimbo ule ulipopita nyuma ya migomba, alikuwa akinyamaza mpaka uishe.

Mmea ukafika kifuani mwangu. Majani yake yalikuwa yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, yamechongoka nchani. Maua yalitoka kwapani mwa majani, machache machache, ya manjano yenye mishipa. Nilipovunja tawi nilisikia harufu mbaya, kama ya karanga zilizoungua zikamwagiwa maji machafu, nikacheka peke yangu kwamba kitu kizuri hivi kinanuka hivi. Kisha maua yakaanguka, yakaja maganda membamba, marefu kama kidole, yamejipinda kuelekea juu. Yalipokauka yalikuwa ya hudhurungi, na mbegu zililia ndani ukiyatikisa.

Siku ya Alhamisi yule binti alikuja kama kawaida. Maharage yalikuwa yamekwisha. Akasimama mbele ya mmea, akauliza, "Hizi nazo ni maharage?"

"Maharage ya wanasesere," nikamwambia. Nikamchumia maganda, labda ishirini, nikampa mikononi. "Nenda kawapikie watoto wako."

Nasema mapema ili pasiwe na shaka: nilimpa mimi, kwa mkono wangu, nikicheka.

Ijumaa asubuhi mtoto alitapika. Mchana alitulia, akaketi kizingitini, akala uji kidogo. Jumamosi akarudi vibaya zaidi. Nilikwenda kumwona, nikakuta amekunja vidole vya mikono vikakaza, macho yanatazama juu ya kichwa cha mama yake, na mama akimwita hamjui. Nilikaa karibu na mlango. Harufu ya matapishi niliitambua: ilikuwa ile ya mmea. Hakuna aliyenifundisha, lakini pua yangu iliitambua.

Jirani yangu alinisindikiza hadi njiani. Akanishika kiganja. "Dada, siku ile alipokuwa kwako, alikula nini?"

"Ndizi tu," nikasema. "Ndizi na maharage."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Akaniachia mkono, akarudi ndani haraka. Alikuwa ameniamini. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakata tawi lenye jani, ua na ganda, nikalizungushia jani la mgomba. Usiku ule nililala nikiwa nimegeukia ukutani, na alfajiri nikaondoka kwenda Kanoni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hai bado, na watu walitoka mbali kumwendea kwa dawa za majani. Nilijiambia kwamba nikijua tu jina la mmea nitajua la kufanya. Huenda ni mmea mwema. Huenda mtoto ana homa nyingine kabisa, nami najisumbua bure. Njia nzima nilikuwa nikijitetea mbele ya mtu ambaye hakuwa amenishtaki.

Bibi alinipokea, akanipa maji, akaketi juani na tawi mapajani. Alilichunguza muda mrefu. Alinusa, akapasua ganda, akaweka mbegu ulimini akaitema.

"Nawajua wote wenye maua ya manjano," akasema. "Yuko yule anayesimamisha maua yake kama mkuki, na vichwa vyeusi juu, tunayempa mtu aliyefunga choo. Huyu amefanana naye kwa jani, lakini si yeye. Yuko yule ambaye maganda yake yamevimba, yanalia kama njuga. Si yeye. Huyu maganda yake ni bapa. Huyu simjui."

"Bibi, ni sumu?"

"Nimekuambia simjui. Nikikuambia jambo la mgeni nisiyemjua nitakuwa mwongo." Akanirudishia tawi. "Huyu hakuzaliwa katika nchi hii. Waulize wale waliokuja kwa baba yako. Na kwa nini unauliza kama ni sumu?"

Sikumwambia. Nililala pale, na Jumatatu nikarudi.

Nilipofika Bugene niliwakuta wanawake wawili njiani wakiongea kwa sauti ya chini, wakanyamaza nilipopita, kisha mmoja akanifuata akaniambia habari. Mume wa jirani yangu alikuwa amekwenda kwa mfumu, mpiga ramli. Mfumu alisema mtoto amelishwa kitu, na aliyemlisha ni mwanamke, yu karibu, anaingia na kutoka uani. Mtoto alikuwa ametulia tena jana, akacheza kidogo na vyombo vyake, na leo amezidiwa tena.

Niliingia nyumbani bila hata kunawa miguu. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kwake. Nilisimama mlangoni, nami sikuwa nimewahi kumwomba mwanamke yule kitu chochote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka wapi siku mbili? Nimelishwa na mpagazi."

Nililitoa tawi lililonyauka nikaliweka mikononi mwake. Alilipapasa kwa vidole vyote kumi, akahesabu majani, akafika kwenye ganda. Kisha akasugua jani moja baina ya viganja, akaupeleka uso wake pale. Uso ukafunguka. Sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu tangu aje.

"Mwingajini," akasema. "Ewe mwanangu, huu ni mwingajini! Umeupata wapi? Kwetu unaota mpaka mlangoni mwa msikiti. Mizizi yake tunachemshia homa, moshi wake unawinga majini, unawafukuza, ndipo lilipotoka jina lake. Na mbegu ukizikaanga mpaka zikawa nyeusi ukazitwanga, unakunywa kama kahawa."

"Na mbichi?"

"Mbichi nini?"

"Mtu akizila mbegu mbichi, mama. Mtoto."

Tabasamu likaondoka polepole. "Mbuzi wakizila mbichi wanaanguka miguu," akasema. "Mtoto wa nani?"

Nilimweleza yote, nimepiga magoti sakafuni. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja: "Alikula mara moja, ikawa basi?"

"Nadhani."

"Kama ni mara moja, asingekuwa anapona na kuanguka, anapona na kuanguka. Huyo bado anazo. Anatafuna kila akipata nguvu." Akanyoosha mkono kuelekea mlango. "Nenda ukawaambie wazitafute."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, mbegu zilifikaje. Nami wakati ule ule nilikumbuka. Mwaka wa nyuma panya walikuwa wametoboa kifuko kimoja cha nguo chenye mbegu katika sanduku lake. Aliniambia nitupe, nikatupa jaani, penye majivu. Nikamkumbusha. Hatukusema ni kosa la nani.

Niliinuka kwenda. Mlangoni nikakutana na mume wangu, amerudi kutoka Bukoba na mizigo, vumbi mpaka kwenye ndevu. Aliona uso wangu, akauliza, na mimi nikamwambia. Akanirudisha ndani, akafunga mlango.

"Hutakwenda," akasema.

"Mtoto anakufa."

"Na ukisema, watasema duka la Waswahili linaua watoto. Unajua ni watu wangapi wanaotaka kusikia hilo? Wataichoma nyumba hii na mama akiwa ndani. Au watapeleka neno kwa mfalme wao, Mkama, na yeye apeleke bomani, nami nichapwe viboko mbele ya mizigo yangu." Hakuwa mtu mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Ng'oa huo mmea, uuchome. Kisha unyamaze. Mungu akipenda atapona."

Aliung'oa yeye mwenyewe jioni ile. Mimi nilisimama nikitazama mizizi ikitoka na udongo. Nilikuwa na miguu, nyumba ya jirani haikuwa mbali, na mume wangu hakunifunga kamba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda. Nadhani nilifurahi kukatazwa. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kutokwenda tangu Jumamosi, naye akanipa.

Jumanne nilikaa ndani. Mama mkwe aliniita mara mbili kuuliza kama nimekwenda. Mara zote mbili nilimwambia mume wangu amekataza, naye akageuza uso.

Jumatano asubuhi nilisikia kelele upande wa pili wa migomba. Nilitoka mpaka ukingoni. Yule mke mdogo alikuwa amesimama uani na mzigo wake, kikapu na mkeka tu, na shemeji zake wakimwambia aondoke kabla hawajamfanya kitu. Mfumu alikuwa amesema mwanamke aliye karibu. Nani alikuwa karibu kama yeye? Alikuwa hajazaa, mwenzake alikuwa na mtoto. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo.

"Sikumpa kitu," alikuwa akisema. Hakulia. Alirudia tu, akimtazama mume wake. "Sikumpa kitu. Niulizeni mimi, msimuulize mfumu."

Mume wake alitazama chini. Jirani yangu alikuwa mlangoni amembeba mtoto, kichwa cha mtoto kimelegea begani. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba, nimeshika shina lake. Nilihisi baridi ya lile shina kiganjani.

Akaondoka kwa njia ya Mabira, kikapu kichwani. Nilitazama mpaka nikaacha kumwona.

Alhamisi, mume wangu alipokwenda kupima kahawa, nilipita ile njia nyembamba. Jirani yangu alikuwa akimenya ndizi. Niliketi mbele yake, nikasema kila kitu bila kupumua: mmea, maganda, uongo wangu wa ndizi, jina, mbuzi wanaoanguka, na kwamba mtoto bado anazo mbegu mahali fulani.

Alitupa kisu akaingia ndani. Nilimsikia akifunua mkeka, akivuta vitu. Mtoto alikuwa na vyombo vyake vya kuchezea, vikombe vya magamba ya ua la mgomba, vimefichwa chini ya kitanda kwenye nyasi. Alitoka ameshika kimoja. Ndani mlikuwa na mbegu, na maganda mengine yametafunwa nusu. Alizimwaga motoni. Kisha akaketi, akachukua kisu, lakini hakuendelea kumenya.

"Siku ile nilikuuliza," akasema.

"Niliogopa."

"Nilikuuliza nimekushika mkono."

Tukasikia mtoto akilalamika ndani, naye akainuka akampa maziwa, akarudi.

"Mwambie mume wako," nikasema. "Yule mwenzako hakufanya kitu. Anaweza kurudishwa."

Hapo ndipo alipoanza tena kumenya. Alimenya ndizi nzima, akaitia majini, akachukua nyingine.

"Umeniambia mimi," akasema. "Inatosha."

"Dada, lakini yule—"

"Inatosha. Nenda nyumbani kwako."

Mtoto alianza kupona. Siku ya nne alimtambua mama yake. Baada ya mwezi alitembea, mguu mmoja ukiburuza kidogo, na maneno yalikuwa yakimtoka polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Aliacha kuuliza maswali. Kwangu hakuletwa tena. Njia yetu ikaanza kuota majani, na mimi na jirani yangu tukawa watu wa kusalimiana kwa adabu kisimani. Alikuwa na siri yangu, na mimi nilikuwa na yake. Nyumba ya mke mdogo ilibaki imefungwa, nyasi za paa zikianza kuoza.

Mume wangu alisema, "Unaona? Yameisha."

Yalikuwa hayajaisha. Nikisikia mwanamke yeyote akiimba nilikuwa nikisimama palepale nilipo.

Asubuhi moja, baada ya mavuno ya maharage, mama mkwe aliniita. "Yule aliyekuwa akipita na wimbo," akasema. "Siku nyingi simsikii. Ameugua?"

Sikuwa nimemwambia. Kwa mtu asiyeona, wimbo ule ulikuwa ndiyo saa yake ya asubuhi, na mimi sikuwahi kufikiri hivyo. Nilimweleza kwamba alifukuzwa, kwa nini, na lini.

"Nipe bakora yangu," akasema. "Na kanga safi."

"Mama, mwanao amekataza."

"Mwanangu nilimzaa mimi. Nipe bakora."

Nilimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka nje ya ua wetu tangu afike. Alitembea akipapasa kila hatua, akiuliza hii ni nini, hii ni nini, na mimi nikimwambia ni mgomba, ni jiwe, ni mfereji. Mume wa jirani yangu alikuwa akichimba shimo la kuivishia ndizi za pombe. Alimwona kikongwe wa duka amesimama mbele yake, akaacha jembe, akaleta kigoda.

Mama mkwe hakukaa. Hakujua Kinyambo, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kutafsiri.

"Mwambie," akasema, "mtoto wake alikula mbegu za mwingajini. Mbegu zilikuwa zangu. Nimezibeba mimi kutoka Pangani katika nguo yangu, na zimeota kwangu. Mke wake hakutia mkono. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, ni mimi, naye anionyeshe njia maana siioni."

Nilitafsiri. Nilipofika mwisho nikaona kwamba hakunitaja. Alikuwa ameacha mahali pangu tupu, na ningeweza kunyamaza hapo, yakaishia kwake. Nikaongeza kwa Kinyambo, kwa maneno yangu: "Mbegu ni zake, lakini maganda nilimpa mtoto mimi. Na nilijua ni nini kabla mke wako hajafukuzwa."

Yule bwana alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilingoja anipige. Aliuliza tu, "Mke wangu mkubwa anajua haya?"

Hapo sikuthubutu kumtaja. Lakini jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, na alijibu mwenyewe.

"Ninajua," akasema. "Tangu siku iliyofuata."

Yule bwana aliokota jembe lake, akaliegemeza kwenye mgomba kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaingia kwenye migomba. Mama mkwe aliniuliza amesema nini. Nikamwambia hakusema kitu. "Basi nirudishe," akasema.

Hakuna aliyeichoma nyumba yetu. Kwa miezi kadhaa watu walikwenda kununua chumvi kwingine, na mume wangu hakuongea nami ila kwa lazima. Kisha wakarudi mmoja mmoja, kwa sababu chumvi ni chumvi. Yule bwana alikwenda Mabira kumfuata mke wake. Alirudi peke yake. Kaka zake walimsikiliza, wakampa kinywaji, kisha wakamwambia dada yao amesema harudi.

Mama mkwe alifariki kabla ya vita. Mwaka wa mwisho alikuwa akinipa mikono yake nimkate kucha, na huku nikimkata alinisimulia Pangani. Kiswahili changu aliendelea kukisahihisha.

Mimi nilikwenda Mabira miaka miwili baada ya mambo yale, na wapagazi wa mume wangu waliokuwa wakipeleka chumvi. Nilisema nataka kuona soko. Niliulizia nyumba ya kaka zake, nikaonyeshwa, nao wakanielekeza kwake. Nilimkuta anaanika mtama kwenye mkeka, mtoto mchanga mgongoni, maana alikuwa ameolewa tena, kwa mtu wa kijiji kilekile. Alinitambua kabla sijasema kitu. Alisimama wima.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema machache: kwamba ulikuwa mmea wa kwetu, kwamba maganda nilitoa mimi, kwamba nimekuja ayasikie kutoka kinywani mwangu, na kwamba anisamehe.

"Nilijua kwamba si mimi," akasema. "Hilo sikuhitaji uje uniambie." Akafukuza kuku kwenye mtama. "Nataka kujua jambo moja. Wewe ulijua kabla sijaondoka, au baada?"

"Kabla."

"Siku ngapi?"

"Siku mbili. Ulipokuwa umesimama uani nilikuwa nyuma ya mgomba."

Mtoto mgongoni akaamka, akamtikisa kidogo akalala tena. Kisha akaingia ndani. Nilidhani amekwisha nami, nikageuka, lakini akatoka na kibuyu cha maji, akanipa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na njia ya Bugene ni ndefu. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kuketi, na mimi sikumwomba msamaha mara ya pili. Nilimrudishia kibuyu kwa mikono miwili, akakipokea, akainama tena kwenye mtama wake, nami nikashika njia kuwafuata wapagazi.